Ireland iliwapa raia 99 swali lililowashinda wanasiasa. Kwa nini kwao iliwezekana na Iceland ikakwama?

#1 Mto_Pangani

Wakuu, salaam. Nina jambo linanisumbua wiki ya tatu sasa, nalileta hapa tulichambue.

Mwaka 2016 Ireland iliunda Baraza la Raia. Watu 99 waliokotwa kwa bahati nasibu, wakapangwa ili umri, jinsia na maeneo yote ya nchi viwakilishwe, kisha wakawekewa mwenyekiti, jaji wa Mahakama ya Juu, Mary Laffoy. Hakukuwa na mbunge hata mmoja kati yao. Swali la kwanza walilopewa lilikuwa zito kuliko yote: marekebisho ya nane ya katiba, yale ya mwaka 1983 yaliyofunga mlango wa utoaji mimba. Vyama vilikuwa vinalizunguka swali hilo kwa miaka mingi.

Wale 99 walikaa wikiendi tano. Walisikiliza madaktari, wanasheria, watu wa pande zote mbili na wanawake walioyapitia wenyewe. Maoni zaidi ya 12,000 yaliletwa na wananchi. Aprili 2017, asilimia 64 wakasema sheria iruhusu bila kudai sababu. Tarehe 25 Mei 2018 nchi nzima ikapiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakasema Ndiyo. Angalieni hizo namba mbili zilivyokaribiana.

Sasa njooni Iceland. Benki zao zilianguka 2008, watu wakaingia barabarani na masufuria. Serikali ikaamua wananchi waandike katiba mpya. Raia 25 waliokotwa kwa bahati nasibu wakaiandika, 2012 theluthi mbili ya wapiga kura wakaikubali iwe msingi wa katiba mpya. Mpaka leo haijawa katiba.

Nchi mbili ndogo, visiwa vyote viwili, watu waliosoma. Moja imefika, nyingine imekwama. Kwa nini? Siulizi kwa kupitisha muda. Naamini kabisa kwamba mtu wa kawaida akipewa muda, taarifa sahihi na heshima, anaamua vizuri. Kinachonitesa ni anayekuja kuupokea uamuzi wake.

#2 Kinyozi_Makini

Nimeweka kiti. Nafuatilia.

#3 Wakili_Msafiri

Mto_Pangani, uzi mzuri, ila kuna kosa moja la kurekebisha kabla halijasambaa. Wale 25 wa Iceland hawakuokotwa kwa bahati nasibu. Walichaguliwa kwa kura Novemba 2010, wagombea walikuwa 522. Waliookotwa ni watu wapatao 950 wa Kongamano la Taifa lililotangulia, ambalo lilitoa maadili na vipaumbele tu.

Hata uchaguzi wa wale 25 una kisa. Waliojitokeza walikuwa kama asilimia 37. Januari 2011 Mahakama ya Juu ikaubatilisha kwa kasoro za utaratibu wa upigaji kura. Bunge likawateua karibu wote walewale, safari hii kwa jina la baraza. Wakaandika rasimu kwa miezi michache, wakiiweka mtandaoni hatua kwa hatua, watu wakitoa maoni mpaka Facebook. Lakini lile doa la mahakama wapinzani hawakuliachia kamwe.

#4 Mto_Pangani

Ahsante Wakili, nimekubali. Post ya kwanza naiacha ilivyo ili masahihisho yako yaeleweke.

#5 Nahodha_wa_Jahazi

Mimi naona mnaitafuta sababu mbali. Wanasiasa wa Ireland walikuwa wameshika kaa la moto, kila wakilihamisha mkono linawaunguza. Wakalitafutia mtu wa kulipokea. Raia wakalipokea, wanasiasa wakapona. Iceland ilikuwa kinyume chake. Katiba mpya iligusa maslahi ya wenyewe: nani anamiliki samaki wa baharini, kura ya mtu wa kijijini na ya mtu wa mjini zilingane. Hilo si kaa la moto, huo ni mnofu. Hakuna anayetupa mnofu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni fupi. Baraza la raia linafaulu pale ambapo mkubwa anataka kulikimbia swali. Akitaka kulishika, halifaulu.

#6 Mama_Tatu

Habari zenu. Niko Cork mwaka wa kumi na tatu, kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani kwao. Nahodha ana sehemu ya ukweli, lakini acheni niseme nilichokiona.

Wakati huo nilikuwa naenda kwa bibi mmoja aliyepita miaka 80, Mkatoliki wa rozari kila jioni. Vikao vya baraza vilikuwa vinarushwa moja kwa moja, mjukuu akamfungulia kwenye kompyuta. Nilidhani atachoka baada ya dakika kumi. Alikaa mpaka chai ikapoa. Bungeni alizoea kuwaona watu wanazomeana. Pale aliona mtu anauliza swali, anajibiwa na daktari, anaandika. Kilichomgusa ni kwamba walikuwa wanasikilizana. Sijui mwishoni alipiga kura gani, sikumuuliza na hakuniambia.

Mimi mwenyewe sikuwa na kura, sikuwa na uraia bado. Na niseme wazi: moyoni nilikuwa upande wa Hapana, na niko huko mpaka leo kwa imani yangu. Nilishindwa. Lakini sikuwahi kuona nimedanganywa, kwa sababu kila kitu kilisemwa mbele yetu. Kushindwa kwa namna hiyo unaweza kulala usingizi.

#7 Kinyozi_Makini

Mama Tatu, hiyo ya chai kupoa imenikaa. Swali: kama huna uraia huko huna sauti kabisa?

#8 Mama_Tatu

Hapana mdogo wangu. Uchaguzi wa serikali za mitaa mkazi yeyote mtu mzima anapiga, awe raia asiwe raia. Nilipiga kura ya diwani Ireland kabla sijashika pasi yao. Wagombea walikuja mpaka mlangoni. Wa kwanza nilimficha watoto, nikidhani ni mambo ya uhamiaji.

#9 Wakili_Msafiri

Nahodha, kanuni yako inavutia lakini inaruka sheria. Ireland haiwezi kubadilisha hata neno moja la katiba bila kura ya maoni. Kwa hiyo baraza lilipomaliza, njia ilikuwa inajulikana: kamati ya bunge, muswada, kura ya wananchi. Iceland katiba iliyopo inataka mabadiliko yapitishwe na bunge, uchaguzi ufanyike, kisha bunge jipya lipitishe tena. Kura ya maoni ya 2012 ilikuwa ya ushauri. Uchaguzi wa Aprili 2013 ukaleta serikali nyingine, ambayo haikuwa na haja na rasimu ile.

Hapo usimlaumu mtu kwanza. Iceland njia yenyewe ilikuwa na malango mawili, na funguo za yote mawili walikuwa nazo walewale waliokuwa wanaambiwa wapunguziwe nguvu.

#10 Nahodha_wa_Jahazi

Wakili, funguo anashika mtu. Umerudi kwangu.

#11 Bi_Zuhura

Mabibi na mabwana, mnabishana kuhusu bahati nasibu kana kwamba ni kitu kigeni. Hebu lisikilizeni neno lenyewe, *kura*. Limetoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kijiti au kitu cha kubahatishia. Wazee wa pwani wakisema "tupige kura" walimaanisha tuache bahati iamue nani achukue fungu lipi. Hii ya karatasi na sanduku imekuja baadaye ikaazima jina.

Na ndugu zangu Wakristo mnalo kwenye Matendo ya Mitume, walipotafuta wa kuziba pengo la Yuda. Walipiga kura, ikamwangukia Mathiya. Hakugombea, hakupiga kampeni. Athens ya kale nayo baraza lao la watu 500 lilikuwa la kuokotwa hivyohivyo. Ulaya wameliokota walilolisahau, na sisi tunalo kinywani kila siku hatulisikii.

#12 Mto_Pangani

Bi Zuhura, nimeishi miaka yote hii sikuwahi kuliwazia. Shukrani.

#13 Kinyozi_Makini

Bi Zuhura kila akiingia kwenye uzi tunarudi darasani. Mimi nakaa dawati la mbele.

#14 Mswahili_Zurich

Salaam. Kuna mtu atasema siri ni udogo wa nchi, basi nimuwahi.

Nipo Uswisi, mke wangu ni wa hapa. Kama mara nne kwa mwaka bahasha inaingia nyumbani: karatasi za kura na kijitabu cha maelezo. Hapa raia wakikusanya sahihi 50,000 ndani ya siku 100, sheria iliyopitishwa na bunge inasimama mpaka ipigiwe kura. Wakikusanya 100,000 ndani ya miezi 18, wanapendekeza mabadiliko ya katiba. Mke wangu anakaa mezani na kijitabu jioni mbili tatu, anapiga, anaingiza posta. Jimbo la Glarus bado wanakusanyika uwanjani mara moja kwa mwaka na kunyoosha mikono. Ushiriki kuliko huo sijui utautoa wapi.

Lakini tarehe 29 Novemba 2009 bahasha ilikuja na swali la kupiga marufuku ujenzi wa minara ya misikiti. Asilimia 57.5 wakasema Ndiyo. Minara nchi nzima ilikuwa minne. Mimi ni Mwislamu, nilikuwa nalipa kodi hapa, sikuwa na kura. Jumatatu nilikwenda kazini na watu walewale ninaokunywa nao kahawa, na nikajikuta nahesabu: kati ya hawa kumi, kama sita. Hesabu hiyo sijaimaliza mpaka leo.

Na wanawake wa hapa? Wanaume waliwanyima kura ya kitaifa kwa kura ya maoni ya 1959, wakawapa 1971. Kura za jimbo, Appenzell Innerrhoden waliwanyima mpaka mahakama ya shirikisho iliposema 1990. Wananchi wakishiriki sana bado wanaweza kumwumiza asiyekuwemo.

#15 Mama_Tatu

Pole kaka. Hiyo hesabu naijua.

#16 Mto_Pangani

Mswahili_Zurich, umeniwekea jambo ambalo sikuliwazia. Labda hapa ndipo tofauti ilipo kati ya kura ya maoni tupu na baraza la kuokotwa? Kwenye bahasha kila mtu anaamua peke yake jikoni kwake. Kwenye baraza unakaa meza moja na mtu anayeguswa na jambo, unamwangalia usoni. Ningependa kujua kama wale asilimia 57.5 wangefika hapo wakiwa wamekaa na wewe wikiendi tano.

#17 Mswahili_Zurich

Ningependa kuamini hivyo. Sina hakika. Na kumbuka baraza lile la Ireland liliokota wenye haki ya kupiga kura ya maoni peke yao. Mimi nisingekuwa kwenye meza hiyo.

#18 Dada_Eupen

Hapo naomba niingie, maana kwetu ungekuwepo.

Naishi Eupen, mashariki ya Ubelgiji, kwenye jumuiya ndogo inayoongea Kijerumani. Wote ni kama 80,000 tu. Tangu 2019 tuna baraza la raia la kudumu, lipo kwa sheria na halisubiri kiongozi apende. Lipo la watu 24, ambalo kazi yake ni kuamua mada. Mada ikipatikana, raia wengine kati ya 25 na 50 wanaokotwa kwa kura, wanakaa, wanatoa mapendekezo. Bunge linalazimika kuyapokea, kuyajadili pamoja nao, na likikataa lieleze kwa nini. Umri ni kuanzia miaka 16 na uraia hauulizwi. Ukiwa mkazi unaweza kuokotwa.

Nilipata barua mwaka juzi. Nilijibu nipo tayari. Kwenye droo ya pili, ile ya kulinganisha umri, jinsia, elimu na mahali, jina langu halikutoka. Jirani yangu, dereva wa malori, lilitoka. Mada yao ya kwanza kabisa huku ilikuwa huduma ya wagonjwa na wazee, yeye alikuja baadaye. Nilimuuliza kulikuwaje. Akasema siku ya kwanza aliona aibu kuongea mbele ya mwalimu wa sekondari, siku ya tatu mwalimu ndiye alikuwa anamuuliza yeye.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la uzi: msiangalie Ireland na Iceland, zote zilikuwa za mara moja. Kitu cha mara moja kinategemea hali ya hewa ya kisiasa.

#19 Nahodha_wa_Jahazi

Dada, nakuheshimu, lakini watu 80,000 ni kata mbili tatu za Dar. Na "kueleza kwa nini" si kutekeleza. Mimi nikimnyima mtoto pesa huwa naeleza kwa nini.

#20 Dada_Eupen

Na mtoto anayeelezwa kaka Nahodha anakua tofauti na anayefukuzwa.

#21 Mwana_wa_Kisumu

Niaje watu wangu. Nahodha leo ameamka na ubishi lakini hapo kwa utekelezaji nasimama naye.

Kwetu Kenya ushirikishwaji wa umma umeandikwa kwa katiba ya 2010. Kifungu cha 118 kwa bunge, 196 kwa kaunti. Bajeti ya kaunti lazima ije kwa wananchi. Nimehudhuria mara tatu. Mara ya kwanza notisi ilitoka siku mbili kabla, makaratasi kurasa mia na kitu, Kiingereza kitupu. Mara ya pili kuna watu walikuja kwa basi moja, wote wakasema kitu kimoja, wakarudi kwa basi. Mara ya tatu tulikuwa tumejipanga na vijana wa hapo mtaani, tukauliza kuhusu zahanati, na zahanati ikaingia kwa bajeti. Sitasema kaunti gani.

Hapa kwetu mahakama ndiyo inabeba mzigo. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, mojawapo ya sababu ikiwa huo ushirikishwaji. Oktoba Mahakama ya Juu ikairudisha. Katikati ya hayo, Juni 2024, vijana walikuwa wamejaa barabarani juu ya muswada mwingine. Kuna watu walikufa. Mtu haachi kushiriki eti kwa sababu umefunga ukumbi. Anashirikia nje.

#22 Bi_Zuhura

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokwenda.

#23 Wakili_Msafiri

Mwana_wa_Kisumu, hilo la "anashirikia nje" ndilo hasa lililozaa Baraza la Tabianchi la Ufaransa. Waandamanaji wa vizibao vya njano walianza Novemba 2018 kwa ajili ya kodi ya mafuta. Rais Macron akafanya mjadala mkubwa wa kitaifa, kisha Oktoba 2019 wakakusanywa raia 150 walioitwa kwa namba za simu za bahati nasibu, wakalipwa posho kama wazee wa baraza wa mahakamani. Juni 2020 wakatoa mapendekezo 149. Ahadi ilikuwa yatapelekwa kwenye bunge au kura ya maoni bila kuchujwa.

Siku chache baadaye akaondoa matatu, mojawapo lile la kushusha mwendo wa barabara kuu mpaka kilomita 110 kwa saa. Mengine yakapita kwenye wizara, yakatoka membamba. Sheria ilipitishwa Agosti 2021. Miezi kadhaa kabla ya hapo wale raia walikuwa wamekutana tena kuipima serikali, wakaipa alama 3.3 kati ya 10.

#24 Mto_Pangani

Hapa ndipo damu yangu inapochemka. Mtu umemtoa kwa watoto wake miezi tisa, amejifunza mambo ya kaboni na ruzuku, anakuletea kazi aliyoifanya kwa moyo, wewe unaichuja kwa sababu watu wa barabara kuu watanuna. Bora usimwite kabisa.

#25 Fundi_Umeme

Samahani nachelewa, ndiyo nimetoka kazini. Mto_Pangani, "bora usimwite" sikubali. Kuna Gdańsk, Poland. 2016 mvua kubwa ilizamisha mji, watu wakafa. Meya Paweł Adamowicz akaita baraza la raia, akasema mapema: pendekezo litakalopata asilimia 80 ya wajumbe, nitalitekeleza. Likaokotwa, likasikiliza wataalamu wa maji, likapendekeza, na alitekeleza. Baadaye wakafanya mengine kuhusu hewa chafu na ushiriki wa wananchi. Yule meya aliuawa Januari 2019 jukwaani kwenye hafla ya kuchangisha fedha. Nilikuwa nasoma huko wakati huo, mji mzima ulizima taa za furaha.

Tofauti na Ufaransa ni moja: kiwango kilitajwa kabla. Asilimia 80. Huwezi kuja baadaye kusema hili nalipenda, lile silipendi. Na swali lilikuwa dogo, la mitaro na mabwawa. Rasimu nzima ya Iceland ilikuwa na ibara zaidi ya mia, kila ibara ina adui wake. Maadui wakijumlishwa wanatosha kuua chochote.

#26 Kinyozi_Makini

Baraza la mitaro tulilete Jangwani, Dar, panapofurika mvua ikinyesha.

#27 Fundi_Umeme

Kinyozi, nasema kwa dhati kabisa, ningejitolea nauli yangu.

#28 Nahodha_wa_Jahazi

Mmesema meya wa mji. Twendeni Brussels sasa, kwa wakubwa wa Umoja wa Ulaya. Mbona Ulaya yenyewe wakipiga kura vibaya wanarudishwa kupiga tena? 2005 Wafaransa na Waholanzi walikataa Katiba ya Ulaya, wakalazimishwa kurudia mpaka wakubali. Hapo ushiriki uko wapi?

#29 Wakili_Msafiri

Umechanganya, mkuu. Waliorudia ni Waireland, na ilikuwa Mkataba wa Lisbon: Juni 2008 Hapana kwa asilimia 53.4, Oktoba 2009 Ndiyo kwa 67.1, baada ya kuhakikishiwa mambo kadhaa, likiwemo la kubaki na kamishna wao kwenye Tume ya Ulaya. Wafaransa walikataa Mei 2005 kwa karibu asilimia 55 na hawakurudia. Mkataba mpya, huohuo wa Lisbon, wenye mengi ya ile Katiba ya Ulaya waliyoikataa, ulipitishwa na bunge lao 2008.

#30 Nahodha_wa_Jahazi

Nimesahihishwa. Ila hilo la kutorudishiwa kabisa ni zito zaidi kuliko nililosema.

#31 Wakili_Msafiri

Hapo sina la kukujibu. Wafaransa wengi hawajalisahau.

#32 Dada_Eupen

Kuwa wa haki, Brussels wamejaribu. Tangu 2012 raia milioni moja kutoka angalau nchi saba wanaweza kuitaka Tume ya Ulaya ipendekeze sheria. Kampeni ya kwanza kufika ilikuwa ya maji kuwa haki ya binadamu, sahihi zaidi ya milioni 1.6. Tume hailazimiki kutunga, lakini sheria ya maji ya kunywa ilifanyiwa marekebisho 2020 na harakati ile ilichangia.

Kisha Kongamano la Mustakabali wa Ulaya, 2021 hadi 2022: raia 800 waliookotwa nchi zote 27, makundi manne ya watu 200, theluthi yao vijana, lugha 24 na wakalimani. Mapendekezo 49 yakakabidhiwa Strasbourg tarehe 9 Mei 2022. Yale yanayohitaji kubadilisha mikataba yamelala. Kilichobaki ni utaratibu: Tume sasa inaita majopo ya raia kabla ya baadhi ya mipango, kama la upotevu wa chakula.

#33 Mswahili_Zurich

Na bado uchaguzi wa Bunge la Ulaya mwaka 1979 walijitokeza asilimia 62, 2014 wakawa 42.6, na 2024 wamerudi 50.7 tu. Nusu ya watu wako nyumbani.

#34 Mama_Tatu

Nimesoma yote. Kuna jambo limeachwa, na linaiharibu picha nzuri ya Ireland.

Machi 2024 tulipiga kura ya maoni mbili, safari hii na mimi nikiwa na kura yangu. Moja ya maana ya familia, moja ya kazi ya kuwatunza watu nyumbani. Zote zilitokana na Baraza la Raia lililokaa kuhusu usawa wa kijinsia. Zote zilianguka, moja kwa asilimia 67.7, ya pili kwa 73.9. Baraza lilikuwa limetaka serikali ibebeshwe wajibu wa kweli kwa watunzaji. Yaliyokuja kwenye karatasi yalisema serikali "itajitahidi". Mimi ni mtunzaji. Najua uzito wa kumgeuza mgonjwa kitandani saa nane za usiku, na najua "itajitahidi" ina uzito gani. Nilipiga Hapana.

Wengine walipiga Hapana kwa sababu tofauti kabisa na yangu, wapo walioona familia inachezewa, wapo ambao hawakuelewa swali. Lakini baraza zuri, la watu wa kuokotwa vilevile, likaishia hivyo. Kwa hiyo Mto_Pangani, tusijenge nadharia kwa 2018 peke yake.

#35 Mto_Pangani

Mama Tatu, hii imenivunja nguvu na kunifungua macho kwa pamoja. Kwa hiyo tuna kaa la moto la Nahodha, malango ya Wakili, udumu wa Dada Eupen, swali dogo na kiwango cha mapema cha Fundi, na wewe unasema hata vyote vikiwepo, mtu mmoja kwenye jiko la serikali anaweza kubadilisha neno.

#36 Nahodha_wa_Jahazi

La kwangu ndilo linaloshika yote.

#37 Wakili_Msafiri

Halishiki 2024. Hakukuwa na mwanasiasa anayeungua, vyama karibu vyote viliunga mkono Ndiyo.

#38 Nahodha_wa_Jahazi

Ndiyo maana ikaanguka! Wananchi walinusa kwamba wakubwa wote wanaitaka.

#39 Mkulima_Njombe

Shikamooni wakubwa. Nimesoma toka jana, mtandao wa kupanda mlimani.

Sisi tuna mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya 1982 ya serikali za mitaa inasema kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 ni mjumbe, na kila miezi mitatu tukutane. Kwa maneno hayo tunawazidi Uswisi. Lakini kijijini kwetu, sikitaji, mapato na matumizi hayajasomwa mwaka na zaidi. Tukiitwa, tunakuta uamuzi umeiva, tunaulizwa "mnaafiki?", tunapiga makofi, mvua inakaribia, tunaondoka. Wanawake wanakaa nyuma na watoto, hawaulizwi. Baada ya muda watu hawaji, kisha wanaambiwa akidi haikutimia, ni kosa lao.

Nimependa ya yule dereva wa malori. Siku ya kwanza aibu, siku ya tatu mwalimu anamuuliza yeye. Kwetu siku ya tatu haipo.

Dada Eupen, nina swali moja. Wale 24 wanaoamua mada, mada wanaitoa wapi? Kwa sababu kwetu ugonjwa unaanzia hapo. Anayeandika ajenda ameshamaliza mkutano.

#40 Bi_Zuhura

Mkulima, marahaba. Umesema kitu kwa mstari mmoja ambacho sisi tumekizunguka kurasa mbili.

#41 Dada_Eupen

Marahaba Mkulima. Mada zinaweza kuletwa na vyama bungeni, na serikali, na wale 24 wenyewe, na pia na mkazi yeyote. Mkazi anatakiwa awe na sahihi 100 za kumuunga mkono. Wale 24 ndio wanachagua ipi ishike nafasi, bunge haliwachagulii.

#42 Mkulima_Njombe

Sahihi mia tu?

#43 Dada_Eupen

Mia tu.

#44 Mkulima_Njombe

Ahsante sana dada. Kwetu hakuna utaratibu wa sahihi wa namna hiyo, lakini hakuna sheria inayonikataza kuandika barua. Mkutano ujao umetajwa Jumamosi ya wiki ijayo. Nitaandika ajenda moja, mapato na matumizi, nizungushe daftari kuanzia leo jioni kwenye mashine ya kusaga, akina mama wote wanapita pale. Barua nampelekea mwenyekiti na nakala kwa mtendaji.

#45 Fundi_Umeme

Andika tarehe juu na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

#46 Wakili_Msafiri

Na utaje kabisa sheria uliyoitaja hapa, kwa jina na mwaka. Nitumie ujumbe binafsi, nakupa maneno yake.

#47 Mkulima_Njombe

Nimekutumia. Wawili wameshasaini, mimi na mke wangu. Yeye ameandika jina lake la kwake.